Kompyuta Moja Sebuleni, Barua za Watu Watano

Mwaka jana mhadhiri mmoja aliniandikia kwa ukali: kazi yangu ya muhula imechelewa siku tatu na udhuru wangu hauna uzito. Mimi nina miaka 47, nauza vipuri vya pikipiki, na darasani niliondoka zamani. Mpwa wangu, aliyekuja kwetu likizo, alikuta barua pepe yangu iko wazi kwenye kompyuta ya sebuleni, akadhani ni yake, akaomba radhi kwa jina langu.

Nikaamua kila mtu nyumbani awe na akaunti yake kwenye Windows, na humo barua zake na kalenda yake. Kwa kelele zilizopigwa, ungedhani nimesema kila mtu ajipikie chungu chake.

Wa kwanza kupinga alikuwa mama yangu. "Tumekaa nyumba moja, tunafichana nini?" Hatufichani, Mama. Kusomewa barua kunaniudhi kidogo tu. Kuandikiwa kwa jina langu ndiko kunakonitisha. Mtoto akikubali mwaliko uliokuja kwenye kalenda yangu, aliyenialika anapata jibu kwamba nitafika. Akifunga kikumbusho cha saa nne kwa sababu kimemzibia mchezo, kimeondoka, na mimi dukani sina habari. Halafu huduma nyingi za mtandaoni, ukisahau nenosiri, hutuma kiungo cha kuweka jipya kwenye barua pepe hiyo hiyo. Anayekaa mbele ya kikasha kilicho wazi ameshika funguo za milango mingine yote, hata kama ni rafiki wa mtoto aliyepita kunywa maji.

"Kompyuta itakuwa nzito." Hapa pana ukweli nusu. Programu inawekwa mara moja tu; kinachoongezeka kwenye diski ni barua za kila mmoja na vitu vyake, na hivyo vingekuwepo vyovyote vile. Uzito unakuja watu wanapobadilishana zamu bila kutoka kwenye akaunti. Vivinjari vya aliyeinuka vinaendelea kula kumbukumbu huku aliyekaa akilalamika. Dawa ni kutoka kabisa ukimaliza, na kama unakwenda jikoni mara moja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini ijifunge.

Kijana wangu alikuja na hoja ya kitaalamu, nami napenda hoja za hivyo hata zikinisumbua. Alisema akaunti za Windows ni kujisumbua: Thunderbird, programu tunayosomea barua pepe, ina profaili zake, unaifungua kwa amri ya thunderbird -P, unachagua jina lako, barua na kalenda zako zinakuja peke yake. Ni kweli, na kwa mtu mmoja anayetaka kutenga barua za kazi na za nyumbani ni njia nzuri sana. Lakini orodha ile haimuulizi mtu yeye ni nani. Nilimwita, nikabofya jina lake mbele yake. Kikasha kikafunguka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaomba kuona manenosiri yaliyohifadhiwa. Yakajipanga wazi kama bei za dukani, kwa kuwa hakuwa ameweka nenosiri kuu. Alinyamaza. Profaili za kivinjari nazo hutenganisha vitu zaidi ya kuvifungia.

Haki yake nimpe: akaunti ya Windows nayo si sefu. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kufungua folda za wengine. Kwetu msimamizi ni mimi, wengine wana akaunti za kawaida, na hilo nimewaambia mapema.

Mke wangu aliuliza tutajuaje nani yuko wapi. Tuna kalenda moja ya familia tuliyoshirikishana: ada za shule, kliniki ya Mama, harusi za ukoo. Google Calendar inaruhusu hata kuwaonyesha wengine kwamba una shughuli bila kuwaambia shughuli gani. Aliridhika haraka kuliko nilivyopenda.

Akabaki Mama, kwamba nenosiri atalisahau. Nikamwekea njia ya PIN, tarakimu nne zinatosha. Akavaa miwani, akatusogeza pembeni kwa kiwiko, akatuambia sote tutazame ukutani mpaka amalize.