Mchele Wavuka Mpaka, Mtaji Wakwama

Mchele wa Kagongwa wavuka Rusumo ukaliwa Kigali, wala hakuna anayeshangaa. Lakini mwenye mashine ya kukoboa akitaka kuuza hisa za kampuni yake kwa watu wa Kigali, Nairobi na Kampala, kila mji una mlango wake: sheria nyingine, kibali kingine. Je, huo ndio Umoja tulioahidiwa?

Tukumbuke tulikotoka. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919, ilitutolea shilingi moja, na makao yake yalikuwa London mpaka 1960. Umoja ulikuwapo, lakini haukuwa wetu. Mwaka wa 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zikafungua kila moja benki kuu yake.

Leo twajitawala, lakini tumegawanyika. Kampuni iliyomiliki mgodi wa Bulyanhulu, upande wetu huu wa Kahama, iliuza hisa zake London mwaka wa 2010. Dar es Salaam ilifika Desemba 2011. Dhahabu yetu, soko lao! Masoko madogo madogo, kila moja na sheria zake, hayawezi kukusanya mtaji wa kuchimba mgodi. Basi mwenye mgodi huenda kwa wakubwa, nasi twabaki watazamaji.

Wapo wasemao, “Tukilinganisha sheria, Nairobi itatumeza.” Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Soko la Nairobi lilianzishwa 1954. Letu lilianza kuuza hisa 1998. Lakini dawa yake si kujifungia ndani. Dawa ni kukaa mezani na kuandika sheria pamoja, tena sheria kali. Mwaka wa 2007 na 2008 mawakala wa hisa walianguka Nairobi, na wanunuzi wadogo wakaumia. Kwa hiyo tusikubali kulingana na aliye legelege. Mkulima mwenye hisa kumi alindwe sawasawa na tajiri mwenye milioni, awe Kahama au Kisumu.

Mkataba wa Soko la Pamoja ulianza kazi tarehe 1 Julai 2010, nao waahidi mtaji upite mipaka bila vizuizi. Baraza la Mawaziri wa Jumuiya limekwisha toa maagizo ya kulinganisha sheria za hisa na hati fungani. Lakini agizo lisiloingizwa katika sheria za kila nchi ni karatasi tu. Mkataba wa 2013 uliahidi fedha moja mwaka wa 2024. Mwaka huo umepita, sasa twaambiwa 2031. Fedha moja juu ya sheria mbalimbali ni nyumba bila msingi.

Ndugu wanachama, jambo hili si la mabwana wa benki peke yao. Katika kila mkutano wa tawi mwulizeni mbunge wenu: ni maagizo mangapi yamekwisha kuwa sheria, na yaliyobaki yanangoja nini? Asiyejibu leo, aulizwe tena kesho.

Umoja ni sheria, si nyimbo!