Mchezo usiopokea wageni hauna kesho

Nilipokuwa katika darasa la tatu nilikuwa na gololi moja kubwa ya kioo, yenye mistari ya rangi tatu ndani yake. Mvulana mmoja wa darasa la saba akanipa gololi tano za kawaida, nami nikampa ile yangu. Nilikwenda nyumbani nikichekelea: tano kwa moja! Kesho yake nikabaini kwamba shule nzima, isipokuwa mimi, ilijua kuwa gololi ya aina ile haibadilishwi kwa chini ya ishirini. Hakuna sheria iliyovunjwa. Niliulizwa, nikakubali. Hata hivyo, uchungu wa siku ile sijausahau hadi leo.

Kumbukumbu hiyo ilinijia hivi majuzi nilipowakuta wanafunzi wangu wawili wameinamia meza, wakibadilishana kadi za mchezo wa Kimarekani uitwao Magic: The Gathering. Mmoja ni mkongwe wa mchezo huo. Mwenzake ni mwanagenzi aliyeanza muhula huu. Mwanagenzi alipokwisha kuondoka na bunda lake la kadi za kumeremeta, nilimuuliza mkongwe iwapo mabadilishano yale yalikuwa ya haki. Akatabasamu, akasema: "Mwalimu, nami nilipoanza nilipunjwa vivyo hivyo."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Huenda msomaji akauliza mhadhiri wa isimu ana nini na kadi za mchezo. Ninavyoona mimi, kila mchezo ni jamii ndogo. Una wenyeji na wageni, una mali na ahadi. Namna wenyeji wanavyowapokea wageni katika jamii hiyo ndogo ndivyo watakavyowapokea kesho katika jamii kubwa.

Mchezo huo ulibuniwa na mwanahisabati Richard Garfield, na ukaanza kuuzwa na kampuni ya Wizards of the Coast mnamo Agosti 1993. Kadi huuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui atapata nini. Kwa hivyo kubadilishana ni sehemu ya mchezo wenyewe: usichokihitaji wewe ndicho anachokitafuta mwenzako. Chapa ya kwanza ilikuwa ndogo mno, kiasi cha nakala 1,100 hivi za kila kadi adimu. Mchezo ulipovuma, kadi hizo zikageuka dhahabu.

Mwaka 1995 kampuni ilitoa mkusanyo ulioitwa Chronicles, uliochapisha upya kadi zaidi ya 100 za matoleo ya awali. Wanagenzi walifurahi, wakusanyaji wakawaka hasira, maana bei za kadi walizokuwa wamezinunua kwa fedha nyingi zilianza kuporomoka. Machi 1996 kampuni ikatoa ahadi pamoja na orodha ya kadi ambazo hazingechapishwa tena. Orodha hiyo ingalipo, nayo ina kadi zaidi ya 500, ijapokuwa hakuna kadi yoyote iliyotoka baada ya mwaka 1999 iliyotiwa ndani yake. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba hata mwanya uliokuwa umeachwa kwa nakala maalumu za kung'aa ungezibwa.

Wakusanyaji ninawaelewa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mtu aliyetoa akiba yake kwa kuamini neno la kampuni ana haki ya kudai neno hilo litimizwe. Lakini swali linalozuka ni hili: ahadi ile ilitolewa kwa nani, na gharama yake inalipwa na nani? Ilitolewa kwa waliokuwapo. Inalipwa na wale ambao hawakuwapo, na wengine walikuwa hata hawajazaliwa.

Kiini cha mgogoro, kwa maoni yangu, ni kutoamua kadi ni kitu gani. Je, ni noti au ni kitabu? Kama ni noti, basi kila nakala mpya inapunguza thamani ya zile zilizotangulia, na mchapishaji ni mwizi. Kama ni kitabu, basi kila nakala mpya inaongeza wasomaji, na mchapishaji ni mfadhili. Walimu wanaelewa vyema ninachosema. Kitabu cha fasihi kilichoteuliwa kwa mtihani kisipochapishwa upya, kinageuka mali ya wachache waliokipata mapema. Hatujapata kumsikia mwenye toleo la kwanza akilia kwamba wanafunzi wa leo wanasoma toleo la kumi.

Mfano uliopo ndani ya mchezo wenyewe unaliunga mkono jambo hili. Desemba 1993 ulitolewa mkusanyo wa Arabian Nights, uliotokana na hekaya ambazo sisi wasomaji wa Kiswahili tunazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Miongoni mwa kadi zake mlikuwa na City of Brass, yaani Mji wa Shaba, na Bazaar of Baghdad, yaani Soko la Baghdad. Ya kwanza imechapishwa upya mara nyingi tangu 1995; mwanagenzi anaweza kuimudu nakala ya karibuni, na bado nakala ya 1993 inauzwa kwa mamia ya dola kwa sababu mkusanyaji anaipenda kwa ukale wake. Ya pili imo katika orodha ya ahadi, na bei yake imefika maelfu ya dola. Mji wa Shaba umemnufaisha mkusanyaji na mchezaji pia, lakini Soko la Baghdad limefungwa, na ufunguo wanao matajiri.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila uchapishaji upya ni fadhila. Mwaka 2022, katika kuadhimisha miaka 30 ya mchezo, kampuni ilitoa kisanduku chenye pakiti 4 za kadi 15 kila moja kwa dola 999. Kadi hizo zilikuwa na mgongo tofauti na hazikuruhusiwa katika mashindano rasmi. Hapo mkusanyaji aliona ahadi inachezewa, na mwanagenzi hakupata cha kuchezea. Kuchapisha upya kwa bei isiyofikika ni kuufungua mlango na kuusimamisha ukuta nyuma yake.

Turudi sasa mezani kwa wanafunzi wangu. Neno kubadilishana lina kiambishi -an-, nacho huonyesha kutendana: mimi nakutenda, nawe wanitenda, sote tukiwa watendaji. Pale ambapo mmoja anajua bei na mwenzake haijui, kutendana hakupo. Kuna mtenda na mtendwa. Mgeni ni kuku mweupe, na mwewe humwona kwa urahisi. Ndiyo maana namsihi kila mkongwe aitaje thamani ya kadi kabla ya kunyoosha mkono, kisha amwachie mwenzake muda wa kufikiri. Haki hiyo haigharimu hata senti moja.

Walimu wanaosimamia vyama vya michezo shuleni nao wana wajibu. Waweke desturi kwamba mabadilishano yafanyike hadharani, na kwamba mwanagenzi anaweza kurudisha alichopewa kabla ya jua kutua. Katika michezo ya kirafiki, waruhusu kadi ya kuandikwa kwa mkono ishike nafasi ya kadi ghali. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilisema haina nia ya kuwaandama wanaofanya hivyo kwa matumizi yao binafsi, yasiyo ya biashara. Lakini kumuuzia mtu kadi bandia ukidai ni halisi ni wizi, nao ukomeshwe.

Sisi wa taaluma ya lugha tunajua kwamba neno halichakai kwa kutamkwa na wengi. Linalokufa ni lile ambalo wazee wamelifungia kabatini wakisubiri lipande bei. Mchezo nao ni hivyo hivyo. Mkongwe asiyempisha mgeni atabaki na kadi za thamani kubwa, ila hatakuwa na mtu wa kucheza naye.

Kwa mwanafunzi wangu aliyesema alipunjwa alipoanza, jibu langu ni hili: basi wajua uchungu wake. Wewe ndiwe unayefaa kuukomesha.