Neno la Mhariri: Mkataba wa Mataifa na Shamba la Mlimani

Tarehe 30 Machi 1961, wajumbe wa mataifa walipotia saini mjini New York Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya, Tanganyika ilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza, imebakiza miezi minane na ushei ipate uhuru wake, wala hapana hata mmoja wa Waluguru, watu wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, aliyetakwa shauri juu ya mmea ambao mkataba ule uliuweka katika Orodha ya Kwanza pamoja na afyuni na majani ya koka, kisha ukauongeza katika Orodha ya Nne, ilipo heroini. Nchi ambazo bangi ilikuwa ada ya watu wake zilipewa muhula wa miaka 25, tangu mkataba uanze kutumika, ziikomeshe, isipokuwa kwa tiba na elimu. Muhula huo ulikwisha 1989, na hadi leo askari wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wangali wakifyeka bangi katika Mkoa wa Morogoro.

Hatuandiki haya kuutweza ushirikiano wa mataifa, kwani baharini faida yake ni dhahiri. Heroini inayopakiwa majahazini katika pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, na kuteremshwa kwetu haiwezi kuzuiwa na dola moja peke yake: Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, iliikamata zaidi ya tani moja ndani ya jahazi karibu na pwani ya Kenya, na Desemba 2023 Mamlaka yetu ilinasa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa. Kadhalika kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyofunguliwa 2011 kwa msaada wa Marekani, imewarudisha wengi kwa jamaa zao waliokwisha kukata tamaa nao.

Lakini ushirikiano huu, uliozoea meli na viwanja vya ndege, ukifika mlimani hauna la kusema ila panga na kiberiti, na hapo ndipo ilipo hoja ya toleo hili.

Mtazame mkulima wa Kinole au Matombo, huko Uluguru. Ndizi na mananasi yake hushushwa kichwani, mara nyingi na akina mama, kwa njia za miguu zenye utelezi hadi panapofika gari. Na masika yakikaza, gari lisipande, mzigo huozea kando ya njia, au huuzwa kwa bei atakayo mchuuzi. Bangi iliyokaushwa ni nyepesi, haiozi, na mnunuzi huifuata mwenyewe usiku, fedha taslimu mkononi. Ndiyo sababu hupandwa katikati ya mahindi, au hufichwa mabondeni kama yale ya upande wa Kisaki, kandokando ya maji, na msitu ukakatwa kwa ajili yake. Nayo maji ya milima hii ndiyo yanayoingia Ruvu na kunywewa na watu wa Dar es Salaam.

Watu husema, na apande viungo. Ni kauli njema, maana karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga hustawi sana katika miteremko ya mashariki. Ila mkarafuu huchukua miaka sita hata minane kabla ya kuzaa, ilhali bangi huvunwa baada ya miezi michache, na katika miaka hiyo yote ya kungoja hapana aliyesema watoto wale nini. Tena ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, na kwa desturi aliyeazimwa shamba haruhusiwi kupanda miti ya kudumu, maana mti ni dai la ardhi. Kijana asiye na fungu katika ardhi ya ukoo wake, hata akipewa miche bure, hana pa kuipanda.

Milima hii imekwisha kuonja mipango isiyouliza mambo kama hayo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuhifadhi udongo, na matuta yakafukua udongo usio na rutuba, yakaufukia ule mzuri. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, askari wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa, na muda si mrefu mpango wenyewe ukaachwa.

Thailand ilishika njia nyingine. Mwaka 1969 Mfalme Bhumibol alianzisha mradi kwa watu wa milima ya kaskazini waliolima afyuni. Zikapelekwa kahawa na matunda, barabara na shule, na ufyekaji wa mashamba haukuanza kwa nguvu hadi 1984. Desemba 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali miongozo ya maendeleo mbadala, yenye kutaka mkulima apate riziki nyingine kwanza. Ila aghalabu fedha za kazi hiyo zimekwenda kwa wakulima wa afyuni na koka, na mkulima wa bangi wa Afrika akasahauliwa. Moroko, kwa sheria yake ya 2021, imewaruhusu wakulima wa milima ya Rif kuilima kwa tiba na viwanda. Hatusemi Tanzania ifanye vivyo hivyo. Tunasema kwamba Desemba 2020, Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipoiondoa bangi katika Orodha ya Nne kwa kura 27 dhidi ya 25, ilidhihirika kuwa mambo ya mwaka 1961 yaweza kujadiliwa upya, na asiyekwenda na hoja yake huamuliwa na wenziwe.

Tume hiyo hukutana Vienna kila Machi. Twaomba ujumbe wetu uende na bwana shamba wa Morogoro na mwanamke mmoja mwenye shamba la ukoo mlimani, na udai, kwa jina la mkataba tulioukubali, fedha za kumtunza mkulima kwa miaka sita hata minane mpaka karafuu izae, na za barabara ya kupitisha gari wakati wa masika.