*TAMKO LA TAWI: BARABARA IPITE, NA ANAYEUMIA ZAIDI ALIPWE*



Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kujadili jambo ambalo kwa sasa linaugawa mtaa wetu kuliko hata uchaguzi: barabara za urasimishaji. Wapimaji wamepita, mchoro umebandikwa ofisi ya mtaa, na baadhi yetu tumeona mstari wa barabara umepita juu ya ukuta, choo au banda la kuku. Wapo waliokubali. Wapo waliokataa. Wapo waliong'oa vigingi usiku, na miongoni mwao wamo wanachama wetu. Kwa sababu hiyo tawi haliwezi kunyamaza.

*Msimamo wetu ni huu:* barabara ipite, kila mwenye kiwanja atoe sehemu yake, na yule anayepoteza kuliko wenzake alipwe na majirani wanaonufaika. Sababu zetu ni hizi.

*1. TULIVYOFIKA HAPA*

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi hawakupata nafasi Kariakoo wala Kinondoni. Wamekuja Chanika, Msongola, Kivule, Chamazi, Goba na Madale, kwa kuwa huku ndiko mtu wa kipato kidogo anaweza kuacha kupanga na kuanza kujenga.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilijaribu kuwatangulia watu kwa mradi wa viwanja 20,000, na maeneo kama Buyuni, Kibada na Mbweni yakapimwa. Ukipita huko leo unaona tofauti: gari linafika mlangoni. Lakini wahitaji walikuwa wengi kuliko viwanja. Sisi wengine tulinunua kwa mwenye shamba, dalali akiwa katikati, mikorosho ikakatwa na eneo likagawanywa kwa hatua. Mwenye shamba alitaka auze kila kipande. Mnunuzi naye alitaka bei ipungue. Hakuna aliyeiuliza barabara.

*2. HESABU YA BARABARA*

Tuchukue mfano wa ekari moja, karibu mita za mraba 4,000, iliyogawanywa viwanja 10 vya mita za mraba 400. Tuseme kila kiwanja ni sh 4,000,000, yaani sh 10,000 kwa mita ya mraba.

Barabara ya mita 6 ikipita katikati ya ekari hiyo, urefu wa mita 63, inachukua mita za mraba 378. Ukigawa kwa watu 10, kila mmoja ametoa mita za mraba 38 hivi. Kwa fedha ni sh 380,000.

Sasa tuhesabu kukosa barabara. Lori la tofali linamwaga mzigo barabara kubwa. Tuseme nyumba inahitaji tofali 2,000 na vijana wanabeba kila moja kwa sh 200. Hiyo ni sh 400,000, na bado hujabeba mchanga, kokoto, saruji wala bati. Kwa tofali peke yake umeshalipa gharama ya barabara, na barabara huna.

Halafu gharama zinaendelea kila mwaka. Choo kikijaa, gari la majitaka halifiki. Mama akishikwa na uchungu usiku, anabebwa mpaka bajaji ilipo. Nyumba ikiwaka moto, gari la zimamoto linaishia kona. Nguzo ya umeme na bomba la maji vinahitaji pa kupita. TARURA nao hawawezi kuchonga barabara ambayo sisi tumeijengea ukuta.

Na siku ukitaka kuuza au kuchukua mkopo, mnunuzi na benki watauliza mambo mawili: hati iko wapi, na gari linafika? Bila mchoro wenye barabara upimaji haukamiliki, na bila upimaji hati haitoki. Anayeng'oa kigingi chake anazuia hati ya mtaa mzima.

*3. ANAYEPOTEZA ZAIDI*

Wanaokataa si wote wakorofi. Yupo mwenye kiwanja cha kona ambaye mchoro unamkata pande mbili. Wapo wajane ambao chumba wanachopangisha ndicho kinacholisha watoto, na chumba hicho ndicho kimeguswa. Kumwambia mtu wa namna hiyo "toa kwa ajili ya maendeleo" huku majirani tisa wakipata barabara bila kuumia ni dhuluma.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu ulio wazi. Turudi kwenye mfano wetu. Mwenye kona akipoteza mita za mraba 100 wakati fungu lake ni 38, amezidishiwa mita 62. Kwa sh 10,000 kila mita, anadai sh 620,000. Majirani tisa wakigawana, ni kama sh 69,000 kila mmoja. Ikilipwa kwa miezi mitatu ni sh 23,000 kwa mwezi. Likiguswa jengo, thamani yake ihesabiwe pembeni na igawanywe vivyo hivyo. Fedha ikusanywe na kamati ya barabara husika, kwa risiti na daftari linaloweza kukaguliwa na mkazi yeyote, na ilipwe *kabla* ukuta haujavunjwa.

Wapo wanaosema urasimishaji ni mpango wa kuwaondoa maskini, kwamba hati zikitoka matajiri watanunua mtaa wote. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kiwanja kisicho na barabara wala hati ndicho tajiri anachonunua kwa bei ya kutupa.

*4. ASILIMIA 10 NA VIONGOZI MADALALI*

Hapa tunasema bila kuuma maneno. Hakuna sheria inayompa kiongozi wa mtaa asilimia 10 ya bei ya kiwanja. Kiongozi anayekula kwa kila mauzo hawezi kumwambia muuzaji aache barabara, maana barabara inampunguzia na yeye.

Kuanzia sasa, kiongozi yeyote wa tawi hili asifanye udalali wa viwanja ndani ya mtaa huu. Anayetaka udalali aache nafasi. Kanuni hii inaanza na sisi wa Kamati ya Utendaji, na tumeshaiandika kwenye muhtasari wa kikao.

*5. KWA ANAYENUNUA SASA*

Wageni bado wanakuja, na makosa yaleyale yanarudiwa kule mwisho wa mtaa. Waambieni ndugu zenu:

▪️ Pima kwa futi kamba, usipime kwa hatua. Hatua 20 za sentimita 75 ni mita 15. Ukidhani umenunua 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400, kumbe umepewa 225.

▪️ Kama unaambiwa kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Nakala ya dalali isikutoshe. Kama hakina hati, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama mchoro wa mipango miji umelitenga eneo hilo kwa shule, soko au barabara.

▪️ Waone majirani wote wa mipaka, tena mchana. Jirani ndiye anayejua kama kiwanja kimeshauzwa kwa mwingine.

▪️ Kama muuzaji ana mke au mume, pata sahihi ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa yake.

▪️ Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje vipimo kwa mita na *upana wa barabara*. Fedha ipite benki au kwenye simu ili ushahidi ubaki.

*6. TUNACHOOMBA*

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo kila mwenye kipande ana deni kwa jirani yake, na mita chache za barabara ni sehemu ya deni hilo.

Waliong'oa vigingi tunawaomba wavirudishe kwa mpimaji. Hatutamtaja mtu jina kwenye kundi hili. Wenye malalamiko kuhusu mchoro wayalete kwa maandishi kwa Katibu wa Tawi ifikapo Ijumaa, tuyawasilishe kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano ni Jumamosi hii, saa 10:00 jioni, uwanja wa ofisi ya mtaa. Ni mkutano wa wakazi wote, wa chama chetu na wa vyama vingine. Njooni na mikataba yenu na futi kamba.

Tafadhali mfikishie na jirani asiye na simu janja.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi