Haidrojeni safi: tuulize kwanza juu ya mfuko wa mbolea

Wababa na wamama wa koperative, siku hizi kwenye redio na kwenye mikutano kuko neno moja linalorudi sana: haidrojeni safi. Wanasema itaendesha viwanda, malori, hata meli. Sisi maagronomu tunaona mkulima ana haki ya kuuliza: hii kitu itanisaidia nini katika shamba? Jibu liko ndani ya mfuko wa urea.

Urea inatoka kwa amonia, na amonia ni nitrojeni ya hewa iliyounganishwa na haidrojeni. Nitrojeni iko bure hewani. Haidrojeni njo yenye bei. Viwanda vingi vya dunia vinaitoa katika gesi ya chini ya ardhi. Ndiyo sababu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, mbolea nayo ilipanda dunia nzima.

Njia safi ni kutenganisha maji kwa umeme: haidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Kazi hiyo inaitwa elektrolisisi. Mitambo ya kawaida inatumia maji ya moto kidogo tu. Mitambo mipya inatumia mvuke wa nyuzi 700 mpaka 850, unaopita kwenye sahani nyembamba za seramiki. Hapo joto linafanya sehemu ya kazi, na umeme unaohitajika unapungua.

Tupige hesabu. Mfuko wa urea wa kilo 50 unataka karibu kilo 5 za haidrojeni. Maji yake ni lita 45, bidoni mbili na kidogo. Maji si shida, ziwa liko. Shida ni umeme: kilowati-saa 250 hivi kwa njia ya kawaida, karibu 200 kwa njia ya joto kali, kama mvuke tayari upo. Hizo 250 zinaweza kuendesha mulino wa kilowati 10 kwa saa 25. Kituo cha Ruzizi ya kwanza kina megawati karibu 30. Kikifanya kazi usiku na mchana kwa nguvu zote, bila kumpa mtu mwingine hata taa moja, kwa njia ya kawaida hakifikishi mifuko 3,000 kwa siku. Na sehemu kubwa ya Bukavu ingelala gizani.

Kuko tena jambo la delestaje. Seramiki ile inapenda kukaa moto wakati wote. Ukiipoza na kuipasha kila mara, inapasuka. Mtambo kama huo unafaa mahali penye umeme usiokatika na mvuke wa karibu, kama Olkaria kule Kenya, ambako mvuke unatoka ardhini usiku na mchana. Hapa kwetu, ambapo umeme unakuja kwa zamu, ungeharibika mapema.

Tusifikiri kwamba mbolea ya umeme ni ndoto. Zimbabwe, kiwanda cha Sable cha Kwekwe kilitengeneza mbolea kwa elektrolisisi ya kawaida miaka mingi, kwa umeme wa Kariba. Mwaka 2015 elektrolisisi hiyo ilisimamishwa, juu ya umeme kuwa haba na bei yake kuwa juu. Maji na ujuzi vilikuwepo, kilichokosekana ni umeme.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Hatupingi haidrojeni safi. Tunapinga mpango wowote ambao mto ni wetu, umeme unakwenda kwa wengine, na mkulima anabaki na hotuba. Mwaka 2021, sosiete ya Australia, Fortescue, ilitaka kutumia Inga kutengeneza haidrojeni ya kuuza nje. Maongezi ya namna hiyo yatarudi, kwa Inga au kwa Ruzizi. Yakirudi, vyama vya koperative viombe kwa sauti moja mambo mawili yaandikwe katika mkataba: umeme wa milino na pampu za vijiji kwanza, na sehemu ya mbolea kwa wakulima wa nchi kwa bei inayojulikana. Na mtu akija kuomba mchango wenu kwa kiwanda cha haidrojeni, mumuulize umeme utatoka wapi, na saa ngapi kwa siku. Kama hana jibu, franga za koperative zibaki katika kasha.

Wakati tunangoja, kuko kiwanda kingine chini ya miguu yetu. Bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya maharagi na soya wanachukua nitrojeni ya hewa bila mvuke na bila SNEL. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, ulifanya kazi hiyo hapa Kivu ya Kusini pia. Msimu huu, maharagi yakitoa maua, mungoe shina moja polepole na mukate vifundo vya mizizi. Ndani vikiwa vyekundu, kiwanda kinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au kama hakuna vifundo, muite agronomu wenu: labda udongo una asidi nyingi, fosfori ni kidogo, ao bakteria wazuri hawako.

Haya mawili yaende pamoja kwenye mukutano mukuu wenu: shina la maharagi mkononi, na swali la umeme mdomoni.