Afya Nyumbani: Kidole Kinachopwita

Juzi mama mmoja alitujia, kidole chake kimevimba kando ya ukucha, chekundu, chapwita, hata hakulala usiku kucha. Twauita ugonjwa huu mdudu wa kidole, lakini hamna mdudu ndani yake, ni usaha. Mikono ya mama zetu huloa maji kutwa, ngozi ya penye ukucha ikalegea na kupasuka, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hupenya hapo. Mwenye kutafuna kucha hujifungulia mlango uo huo.

Uvimbe ukiwa mchanga, kilowekeni kidole katika maji ya chumvi yenye moto wa kuvumilika, robo saa, mara tatu au nne kwa siku, kisha kikausheni vema. Msikitumbue wenyewe, wala msipake kinyesi cha ng'ombe, maana humo hukaa pepopunda.

Vidole vya miguu vina mgeni mwingine, naye ni mdudu kweli: funza. Babu wa babu zetu hawakumjua. Aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, akafuata njia za misafara, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Jike huingia ngozini karibu na ukucha, akavimba kwa mayai hata kuzidi punje ya choroko. Hapa Singida hutusumbua hasa wakati wa kiangazi, vumbi likijaa katika nyumba zenye sakafu ya udongo.

Tulipokuwa wadogo, pini moja ilizunguka miguu yote ya nyumba yetu, toka kaka mkubwa hata kitinda mimba, wala haikuchemshwa. Nasi tukaona fahari kutolia. Pini ya namna hiyo yatisha kuliko funza mwenyewe, kwani huweza kuchukua homa ya ini na UKIMWI toka damu ya huyu hata ya yule, na pepopunda huingia katika tundu linaloachwa. Siku hizi yako mafuta ya dimetikoni: hupakwa juu ya funza, naye hukosa pumzi akafa pasipo kuchokolewa. Ulizeni zahanati. Nyumbani, nyunyizeni sakafu maji kabla ya kufagia, na watoto waoshwe miguu kwa sabuni kila jioni.

Lakini usaha ukiisha kuiva, au mstari mwekundu ukipanda mkononi au mguuni, au mgonjwa akiwa na homa au kisukari, asingoje maji ya chumvi. Aende hospitali siku ile ile.