Tume ya Nyalali ilistahili aya nyingi zaidi

Mwandishi, katika makala yako kuhusu Jaji Francis Nyalali, mwaka 1991 umeupitia haraka mno. Kweli, alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu 1977 hadi 2000, na ni katika uongozi wake Mahakama ya Rufani ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Mahakama hiyo huja hadi hapa Iringa kusikiliza rufaa, na kwetu sisi wa Ipogolo hilo si jambo dogo: nauli ya Dar es Salaam inamshinda mkulima.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa ile Tume aliyoiongoza mwaka 1991, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Angeweza kuishia hapo, na nani angemlaumu? Tume ikawasikiliza wachache pia, ikaona hata kati ya wale wengi wapo waliotaka mfumo urekebishwe, ikapendekeza vyama vingi. Ikataja na sheria 40 kandamizi. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Baadhi ya sheria hizo zikakaa miaka mingi bila kuguswa.

Walimu wa uraia, tafadhali, wasomesheni vijana ripoti ya Tume hiyo.